Ukuta wa Kinyozi

Mume wangu ni kinyozi, na kinyozi hawezi kazi bila mdomo. Ukimkata mteja nywele kimyakimya atadhani amekukosea. Kwa hiyo siku alipotangaza kwamba tutajenga nyumba yetu wenyewe, kwa udongo wa kiwanja chetu wenyewe, habari zilikuwa zimeshapitia vichwa kumi na vinne kabla hazijanifikia mimi.

"Yaani mkeo ndiye wa kumi na tano?" nilimwuliza.

"Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa ana kwa ana," alijibu. "Wale wengine nilikuwa nawaambia kisogoni."

Kiwanja aliachiwa na shangazi yake: kipande cha ardhi nyekundu chenye mteremko mdogo, mwisho wa barabara ya vumbi, na mipapai mitatu. Sisi wakati huo tulikuwa tumepanga vyumba viwili vyenye paa la bati lililoshuka mpaka ukiinua mkono unaligusa. Mchana feni ilichota joto la kona hii na kulipeleka kona ile. Mimi ni fundi cherehani, na nilikuwa nikishonea barazani kwa sababu ndani kitambaa kilininata mikononi. Ukisikia mtu anasema udongo una ubaridi, nawe umekaa miaka kumi na miwili kwenye tanuri, huhitaji kubembelezwa.

Tuna binti wawili. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa kuwa hujawahi kumwambia neno asikupe hoja tatu za kulipinga, tulimwita Mwanasheria. Mdogo alikuwa na sita, mfupi, wa mviringo, anayejibanza popote palipo na nafasi. Huyo ni Kifungo.

Aliyekuja kutujengea alikuwa mwanamke, mtu mzima, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Hakuna aliyemjua kwa jina jingine zaidi ya Mama Timazi. Timazi ni ile kamba yenye kipande cha chuma nchani ambayo mafundi huning'iniza kujua kama ukuta umesimama wima. Yeye aliivaa shingoni kama wenzake wanavyovaa mkufu. Alizunguka kiwanja mara moja, akachimba shimo la mkono, akalowesha udongo kidogo, akaufinyanga donge, akaliachia lianguke kutoka begani. Donge likapasuka vipande vitatu.

"Vitatu ni vizuri," alisema. "Likisambaratika, mchanga umezidi. Likibaki zima, udongo wa mfinyanzi umezidi. Huu tutauchanganya na saruji kidogo sana, tutaushindilia kwenye mashine, na jua litafanya mengine. Hatuchomi tofali hata moja, hatukati mti wa kuni."

"Na vibarua?" mume wangu aliuliza.

"Vibarua ni nyinyi." Alituangalia mmoja mmoja kama anayenunua mbuzi. "Lakini nikiwa hapa hakuna mume, hakuna mke, hakuna mtoto wa mama. Kuna kibarua namba moja mpaka namba nne."

"Namba moja ni nani?" Mwanasheria aliuliza.

"Nitawaambia baada ya wiki."

Baada ya wiki, namba moja alikuwa Mwanasheria. Mimi nilikuwa wa pili. Wa tatu alikuwa Kifungo, ambaye alibeba maji kwa kopo bila kumwaga na bila kusema. Wa nne alikuwa kinyozi.

"Kosa langu nini?" alilalamika. "Nguvu ninazo!"

"Unazo," alisema Mama Timazi. "Zinatokea mdomoni."

Tulihamia kwenye kiwanja chenyewe ili tuache kulipa kodi, na tulihamia stoo. Ilikuwa chumba kimoja cha mbao na mabati, hatua nne kwa tano, kilichojengwa kwa ajili ya mashine na mifuko ya saruji. Mashine ikatolewa nje, sisi tukaingia. Kochi zetu kubwa za mito, nilizozipenda kama ndugu, hazikupita hata mlangoni. Nikampelekea wifi yangu, nikarudi nyumbani nikilia kidogo, kisha nikaona nimepata mahali pa kuweka cherehani, nikanyamaza.

Kila mtu alipewa sahani moja, bakuli moja, kikombe kimoja na misumari miwili ukutani. Unachokipenda kitundike, kisichoenea, tafuta wa kumpa. Wiki ya kwanza niligundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: vyombo vichafu havitokani na kula, vinatokana na kuwa na vyombo. Kila mtu alipoosha sahani yake mwenyewe, beseni la vyombo likafa kifo cha kawaida. Maji ya kuoshea yalikwenda kwenye mipapai, majivu ya jiko yalikwenda chooni, na maganda yalikwenda shimo la mbolea. Choo kilikuwa cha majivu, bila maji. Mwanasheria alikipinga kwa siku mbili mfululizo, kwa hoja za afya, za heshima na za haki za watoto, mpaka alipogundua kwamba ndicho chumba pekee chenye komeo. Tangu hapo tatizo likawa kumtoa.

Alfajiri kabla ya chai tulifyatua matofali. Mwanasheria aliuchekecha udongo, Kifungo aliunyunyizia maji, na mimi na mume wangu tulining'inia kwenye mpini wa mashine kama watoto kwenye bembea, mpaka tofali likasema "puu" na kutoka likiwa na meno yake juu na chini. Matofali hayo yanashikana yenyewe kwa meno. Hupaki saruji katikati. Tulifyatua thelathini, tukanywa chai, mimi nikakaa kwenye cherehani, yeye akaenda kwenye duka lake la kunyolea, watoto wakaenda shule. Jioni tena ishirini. Shimo tulilochimba udongo likaendelea kushuka, nalo lilikuwa na kazi yake: Mama Timazi alisema tukimaliza tutalijengea pembeni na kulifunika, liwe tangi la maji ya mvua kutoka kwenye paa. Nilipenda hilo. Nyumba inatoka shimoni, halafu inarudishia shimo maji.

Jumapili alikuja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, na mwavuli wake. Wifi ana nyumba ya vigae vinavyong'aa mpaka mgeni anatembea kama aliyemwagiwa mafuta miguuni. Alisimama juu ya kifusi akakunja uso.

"Wifi, wifi, wifi. Siku hizi hata kuku wanajengewa saruji."

"Ndiyo maana hawatagi," nilimjibu.

"Na mdogo wangu mnamtuma kama punda! Tazama amekonda."

"Dada, nimekaza," alisema mume wangu akivimbisha mkono. "Shika hapa."

"Anayekonda ni mimi," wifi alisema, na hapo uso ukamkunjuka. Alijishika kiunoni. "Mwaka jana gauni ulilonishonea lilinikaa sawasawa. La mwaka huu linanipwaya. Na simumunyi dawa, sikimbii barabarani. Ni kujua kula tu."

"Umependeza, wifi," nilisema, na nilimaanisha. Nguo zangu zilikuwa na sifa hiyo mji mzima: kwangu nguo haibani. Wanawake walivuka mafundi wanne kunifuata mimi.

Basi kuta za nje zikapanda mpaka usawa wa madirisha. Ikawadia zamu ya ukuta wa ndani, unaotenga jiko na sebule. Mama Timazi alikuwa amepata dharura ya kwenda kumalizia kazi ya mteja mwingine, siku nne. Kabla hajaondoka alipima mita tatu kutoka ukuta wa nje, upande wa mbele, akaweka alama kwenye sakafu.

"Upande wa nyuma pimeni hivyohivyo, mita tatu," alisema. "Vuteni kamba, pangeni kozi ya kwanza, mstari wa chini tu. Halafu nisubirini."

Akaondoka na futi yake ya chuma mfukoni. Haikuwa shida. Nyumba yenye fundi cherehani haikosi futi. Nilichukua yangu ya kukatia, ya mita moja na nusu, nikainyoosha sakafuni mara mbili, nikachora mshale kwa chaki yangu ya kitambaa. Mume wangu akavuta kamba kutoka alama moja hadi nyingine, akapanga kozi ya kwanza. Akarudi nyuma akaitazama. Akaipenda.

"Tumsubiri," nilimwambia.

"Namsubiri," alisema, akaweka kozi ya pili. "Kusubiri si lazima ukae."

Alifunga duka siku tatu. Kila tofali alilifuta vumbi, akaliweka, akachuchumaa na kufumba jicho moja, kama anavyoangalia ndevu za bwana harusi. Aliweka pimamaji kila kozi, alitumia timazi ya akiba tuliyoachiwa, alirudia. Na hakusema neno! Siku ya tatu ukuta ulimfika kifuani, umenyooka, umetulia, na mstari wa kila kozi ulikuwa kama umechorwa kwa rula. Aliwaleta wateja kuuangalia. Aliwaambia wapitishe viganja. Jioni nilimkuta ameuegemea kwa ubavu, amekunja mikono, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Mama Timazi alirudi Jumanne. Aliona kozi nane mahali alipoagiza moja. Akaning'iniza timazi. Akaweka pimamaji. Akapiga ukuta kwa kiganja.

"Umesimama wima," alisema.

Mume wangu alitabasamu hadi masikioni.

Kisha akatoa futi ya chuma na kupima jiko kona kwa kona, huku na huku. Akapima tena. Akaketi juu ya ndoo.

"Umesimama wima, lakini umesimama pasipo pake. Nyuma umekwenda nje sentimita tisa. Jiko lako ni pana nyuma kuliko mbele."

"Si afadhali? Mama watoto apate nafasi ya kugeuka."

"Mbao za dari nimeshazikata, zote urefu mmoja. Za nyuma hazitalala ukutani, zitaelea hewani. Utaziambia zisubiri?" Hakupandisha sauti. "Bomoa. Jumamosi, wote. Ni matofali ya meno, hayana saruji. Hakuna kitakachopotea ila jasho."

"Lakini nilifuata kamba."

"Basi kamba uliivuta vibaya."

Mume wangu alitazama mikono yake. "Labda," alisema. "Labda niliigusa kwa goti wakati nachuchumaa."

Mimi nikasema, "Labda ililegea." Nililisema kwa upole, kama mke mwema. Kipimo hakikumjia mtu akilini. Fundi cherehani anakoseaje kipimo?

Kuanzia siku hiyo kinyozi akawa bubu. Alinyoa vichwa kimyakimya. Jumatano wateja wawili walipita kiwanjani kuniuliza kama kuna msiba. Nyumbani alikula, akaosha sahani yake, akaiweka mahali pake. Kifungo alimuuliza kama meno yanamuuma, naye akasema ndiyo, kidogo.

Alhamisi mchana nilikuwa peke yangu stoo na kitambaa cha mteja. Mimi nina futi mbili. Mpya huvaa shingoni nikipimia watu. Ya zamani, niliyopewa na mama aliyenifundisha kazi, ni ya kukatia. Kule tulikopanga ilikaa mezani miaka kumi na miwili, haikuwahi kukutana na mwenzake. Lakini stoo haikuwa na meza, na misumari yangu ilikuwa miwili, mmoja umebeba mkoba. Kwa hiyo futi zote zilining'inia msumari mmoja.

Nilinyoosha mkono kuchukua ile ya zamani, nikauona mkono wangu unasimama wenyewe. Moja ilikuwa imeshuka chini kuliko nyingine.

Nikazishusha. Nikazilaza kitandani, mwanzo kwa mwanzo. Zote zilianzia sifuri, zote ziliishia mia na hamsini, lakini ile ya zamani iliipita mpya kwa vidole viwili na ushee. Miaka kumi na miwili ya kuvutwa ilikuwa imeitanua, polepole, bila kelele. Sentimita nne na nusu. Nikanyoosha mara mbili: tisa.

Niliketi kitandani. Jambo la kwanza lililonijia si mume wangu, na nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ni wateja. Ninawapima kwa futi iliyo sawa, halafu nakata kwa iliyotanuka! Kila kiuno, kila kifua, kila nyonga ya mji huu, nimeiongezea. Kwangu nguo haibani. Kumbe! Na nikimwambia kinyozi, nimeuambia mji. Nikaikunja futi ya zamani, nikaitumbukiza kwenye kopo la vifungo, nikafunika.

Jioni nilimpakulia kipande kikubwa cha samaki. Akakitazama.

"Kuna nini leo?"

"Hakuna. Umefanya kazi."

"Kazi gani? Kubomoa bado."

Ijumaa nilimpa tena kikubwa, na Mwanasheria akauliza kama sasa kuna sheria mpya ya samaki. Halafu nikatoka kumwaga maji kwenye mipapai nikamwona. Alikuwa amechomeka vijiti viwili ardhini, amefunga kamba, amepiga magoti, jicho moja amefumba. Kifungo alikuwa amelala kifudifudi upande wa pili.

"Imenyooka?" alimuuliza.

"Imenyooka, baba."

"Angalia vizuri. Mimi macho yangu siku hizi siyaamini."

Beseni likanishinda uzito. Mtu anayeshika wembe kwenye makoo ya watu, haamini macho yake, na dawa yake iko ndani ya kopo la vifungo. Hata hivyo sikusema. Nikajiambia, kesho.

Jumamosi tuliubomoa. Ulishuka kwa unyenyekevu, tofali kwa tofali, mkono kwa mkono: mume wangu anampa Mwanasheria, Mwanasheria ananipa mimi, mimi nayapanga, Mama Timazi anahesabu. Kufika mchana ilibaki kozi ya chini. Wenzangu wakaenda kunawa. Nikabaki, nikainua ukingo wa tofali la mwisho upande wa nyuma.

Mshale wangu ulikuwepo. Mweupe, safi, hata vumbi halikuugusa, umelala pale chini ya ukuta kama siku nilipouchora. Na kona ya tofali lake ilikuwa juu ya ncha ya mshale kabisa. Hakukosea hata unywele. Mama Timazi akirudi na futi yake ya chuma atapima kutoka ukutani hadi mshale, na mambo yatakuwa hadharani.

Mkononi nilikuwa na kitambaa kibichi. Chaki ya nguo hufutika kwa kupuliza tu.

Nikapiga goti. Nyuma yangu nikasikia miguu yake.

"Usiinue peke yako," alisema. "Mgongo huo ndio unaotushonea. Sogea."

Akainama kulichukua tofali, na kwa kuwa alikuwa ananihurumia mimi, hakuutazama hata mshale.

"Baba watoto," nilisema. "Acha hilo. Tazama hapa."

Akatazama.

"Ukuta wako haukukosea. Uko pale nilipokuonyesha. Niliyekosea ni mimi. Futi yangu imetanuka, ile ya zamani. Nimeipima na mpya. Kila mita na nusu inaiba vidole viwili."

Alichuchumaa. Akaweka kidole kwenye mshale, akakifuata hadi ukingo wa tofali. Uso wake ulifunguka taratibu kama dirisha linalosukumwa na upepo. Kisha ukasimama nusu.

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumamosi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wale samaki..."

"Ndiyo."

Akaketi sakafuni, akanipa mgongo. Mwanasheria na Kifungo walikuwa wamesimama kwenye nafasi ya mlango, mikono inadondosha maji. Mama Timazi nyuma yao.

"Siku nne nimejilaumu," mume wangu alisema. "Jana nimemnyoa mzee mmoja, nikamwambia afadhali aende kwa mwingine, mimi sioni vizuri. Ungenifutia kosa langu Alhamisi hiyohiyo, ningelala."

"Najua. Niliogopa wateja. Nisamehe."

Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika, nikadhani analia, nikamshika. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye udongo na kujipaka mistari.

"Kumbe nilikuwa sawa!" alimwambia Mama Timazi. "Umesikia? Nilikuwa sawa hadi ncha!"

"Nilikwambia usubiri," Mama Timazi alisema. "Hapo hukuwa sawa. Lakini..." Alikuja akapiga magoti, akaangalia mshale na tofali. "Lakini mkono unao. Nilikulaumu bure, na naliondoa neno langu."

Mwanasheria hakuiacha nafasi hiyo ipite. Aligeuza ndoo, akaketi, akafungua mahakama. Mshtakiwa nikasimama. Mashtaka yakasomwa: kupima kwa futi ya uongo, bila kukusudia, kuficha ushahidi kwenye kopo la vifungo, kwa kukusudia, kutoa hongo ya samaki.

"Nakubali yote," nilisema.

"Mlalamikaji anaomba nini?"

Mume wangu alikuna kidevu. "Anijengee ukuta pamoja nami. Yeye apange, mimi nisimame nimwangalie nikiwa nimekunja mikono."

"Kozi ngapi?"

"Zote nane."

"Mbili," aliamua Mwanasheria. "Na wiki moja anakuwa kibarua namba nne."

Katikati ya hukumu tukasikia mwavuli unafungwa. Wifi alikuwa amefika, siku moja kabla ya kawaida yake, na alikuwa amesikia ya kutosha.

"Futi imetanuka?" aliuliza. "Futi gani? Ile unayokatia nguo?"

Sote tukainamia matofali. Hata kinyozi.

"Wifi," alisema polepole, akijishika kiuno kwa mikono miwili. "Niambie kweli. Yaani sijapungua?"

"Futi ndiyo iliyonenepa, wifi."

Nimeona watu wakipokea habari mbaya, lakini uso ule sitausahau. Aliketi kwenye rundo la matofali, yeye na gauni lake safi.

"Nimewasema wenzangu kazini," alisema. "Nimewapa mashauri ya kula! Kuna mmoja ameacha wali kwa ajili yangu."

Hapo tulicheka mpaka Kifungo akadondoka, na wifi mwenyewe akaishia kucheka kuliko wote, akijipiga mapaja, mavumbi yakiruka. Kisha akavua viatu. "Haya, nipeni na mimi hayo matofali," alisema. "Kama sijapungua kwa kula, nitapungua kwa kubeba." Alibeba kumi na mawili, akayahesabu kwa sauti, akaomba chai.

Ukuta ulisimama upya kwa siku moja na nusu. Kozi mbili za chini ni zangu, na ukizijua utazitambua: zimebana kidogo kuliko nyingine, kwa sababu niliogopa. Mume wangu alinisimamia alivyoahidiwa, lakini mikono haikukaa imekunjwa dakika tano. Alipofika kozi ya nane mdomo wake ulikuwa umeshafunguka, na mji mzima ulijua habari za futi kabla ya Jumatatu mchana. Nilichokiogopa kikatokea, nacho kilikuwa hivi: nilinunua futi nyingine mpya ya kukatia, nikakata nguo kwa kipimo cha haki, na wiki mbili baadaye wateja watatu walizirudisha. Walisema zinawabana. Walitaka mkono wangu wa zamani. Sasa ninapima kwa haki, naongeza vidole viwili kwa makusudi, na ninawaambia wazi nimeongeza. Hakuna aliyekataa bado.

Paa liliezekwa miezi miwili baadaye. Mama Timazi alituwekea matundu ya hewa juu chini ya dari, na madirisha yakitazamana, ili upepo ukiingia upate pa kutokea. Mvua ya kwanza ilijaza tangi nusu kwa siku tatu, na Kifungo alikuwa akienda kila saa kuchungulia kwenye kifuniko na kuleta taarifa. Tulihamia Jumamosi moja asubuhi, na kwa kuwa vitu vyetu vilikuwa vichache, saa nne tulikuwa tumemaliza. Mwanasheria alijifungia chumbani kwake. Niliweka cherehani chini ya dirisha la jikoni, nikakaa, nikagundua kwamba feni tumeisahau kwenye boksi na hakuna aliyeiulizia.

Mchana nikapakua chakula. Jirani wa kiwanja cha chini, mwalimu wa shule ya msingi na mkewe, walikuwa wamekuja kuuliza kuhusu ile mashine na huo udongo, kama wao pia wataweza. Mume wangu alitoka kuwaeleza kidogo tu. Nikachungulia dirishani: alikuwa ameshapiga magoti kwenye kiwanja chao, amefinyanga donge, amelinyanyua begani, na mwalimu na mkewe wameinama wakisubiri lianguke.

Kifungo akatumwa kumwita. Akarudi akikimbia.

"Baba anasema mle tu. Anakuja."

Tukala. Chakula chake nikakifunika.